Treni ya Meku na betri iliyopotea

Siku betri ilipopotea, mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, Old Moshi, kwenye kihamba ambacho siku isiyo na mawingu ukisimama ukingoni unauona mji wa Moshi kule chini, na nyuma yake tambarare ya Kahe. Sebuleni, mwanawe wa darasa la sita alikuwa akifungua rimoti kwa bisibisi. Mdogo wake wa kike, mwenye mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa amekaa mkekani karibu naye. Kwenye kiti cha pembeni alikaa babu yao, ambaye majirani wote humwita Meku, jina la heshima kwa wazee Uchagani.

Kijana alitoa betri kwenye rimoti, akaiweka mkekani, akaenda chumbani kuchukua koleo. Aliporudi haikuwepo.

"Mama, hujaona betri hapa?"

Mama alitoka jikoni na kisu mkononi. Aliutazama mkeka, kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa sasa amesimama akijishikiza kwenye kochi. Mdomo wake ulikuwa ukichezacheza, kama anatafuna kitu, au labda ni meno tu yaliyokuwa yanamsumbua. Mama aliingiza kidole mdomoni mwake, hakukuta kitu. Waliinua mkeka, wakasogeza makochi, wakakung'uta mito. Betri haikuonekana.

Ilikuwa ile betri bapa ya mviringo inayong'aa kama sarafu, upana wake milimita 20. Ndiyo inayotumika kwenye rimoti za magari na mageti, mizani ya jikoni, vipimajoto, midoli inayoimba na taa ndogo za mapambo. Nyumba nyingi zinayo, na wazazi wengi hawajui kuwa zinayo.

Meku aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Alifungua mdomo, neno likakwama, kama maneno yake mengi yanavyokwama tangu apate kiharusi. Akanyoosha kidole tena, kwa nguvu zaidi. Mama akaelewa kwamba anaambiwa awahi. Alimbeba mtoto, akakimbia kwa jirani mwenye pikapu, wakateremka kuelekea Kiboriloni. Simu yake aliisahau jikoni, juu ya ndizi alizokuwa akimenya.

Sanduku la chini ya kitanda

Rimoti ile haikufika sebuleni kwa bahati mbaya. Ilifika kwa sababu ya mkono wa kulia wa Meku.

Mzee huyo ana miaka 77. Aliajiriwa na reli mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Kahe, kusini mashariki mwa Moshi. Mgeni anaweza kuipita Kahe asiitambue, lakini kwa watu wa reli ni jina kubwa. Hapo ndipo reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, inapokutana na tawi la kutoka Voi kupitia Taveta, lililounganishwa na Waingereza mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Reli mbili zinapokutana lazima pawe na pointi, yaani ile sehemu ambapo ndimi mbili za chuma husogezwa ili treni ishike njia moja au nyingine. Kazi ya Meku ilikuwa kuvuta wenzo, kukagua kwa macho kwamba ulimi umekaa sawasawa, kufunga, kisha ndipo treni iruhusiwe. Alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba dereva wa treni hana usukani. Anaweza kuongeza mwendo na kufunga breki, basi. Anakokwenda anapelekwa na aliyeshika pointi.

Miaka ya 1970 mwalimu mmoja Mjerumani aliyekuwa akifundisha huko milimani alimaliza mkataba wake akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwachia Meku sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na treni ya kuchezea ya Märklin, iliyotengenezwa Göppingen, Ujerumani: kichwa cheusi cha chuma, mabehewa matatu, vipande vya reli vinavyotosha kuzunguka meza, na pointi mbili. Kila kitu kilikuwa kidogo mara 87 kuliko treni ya kweli. Watoto wa ukoo waliokuja nyumbani kula Krismasi miaka ya 1980 wanaikumbuka ikizunguka mezani, na Meku akiwa ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa. Kisha ikagoma. Sanduku likaingia chini ya kitanda.

Treni za abiria nazo zilikuja kuacha kufika Moshi. Ziliporudi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, Meku alimshika mkono mjukuu wake, wakati huo akiwa na miaka sita, wakateremka hadi stesheni kuitazama ikiingia. Jioni ile alilivuta sanduku, akalifungua, akajaribu treni yake. Haikutikisika. Akalifunga bila kusema neno.

Mwaka jana, asubuhi moja, alishindwa kuinua kikombe. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, mkono wa kulia ulining'inia, na maneno yake hayakueleweka. Familia ilizitambua hizo dalili tatu za kiharusi, ikamkimbiza hospitali bila kusubiri apumzike kwanza, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Alirudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, mkono wa kulia ukiwa dhaifu na mgumu, na maneno yakitoka machache.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaeleza kwamba mkono usiotumika ubongo huzoea kuishi bila huo. Dawa yake ni kuutumia, mara nyingi kila siku, na ni rahisi zaidi kama mgonjwa anafanya kitu anachokijali. Walimpa mpira wa kufinya. Aliufinya siku tatu, siku ya nne akautupa kwenye kikapu cha vitunguu.

Mjukuu ndiye aliyelivuta sanduku.

Jumapili baada ya ibada

Mjomba wa kijana, kaka yake mama, ana kibanda cha kutengeneza simu mjini. Alikubali kupanda mlimani kila Jumapili baada ya ibada, kwa sharti moja: kila kinachogusa umeme wa ukutani ni chake yeye, na kila kilicho chini ya volti 20 ni cha kijana.

Sharti hilo lilikuwa na maana. Transfoma ya zamani iliyokuja na treni ni boksi la chuma la rangi ya buluu, na waya wake umekauka hadi unakatika kama tambi. Waya wa namna hiyo ukichubuka kwa ndani, boksi zima linaweza kubeba umeme wa kuua, na mtoto ndiye atakayelishika. Mjomba hakujadiliana na mtu. Alikata plagi yake kwa koleo, akaiweka mfukoni, ili hata akiwa hayupo asitokee wa kuichomeka. Badala yake alileta adapta nzima ya kompyuta ya mapajani, ya volti 19, akaweka na fyuzi ndogo mbele yake.

Mota ya treni hizi za zamani hukubali umeme wa namna zote mbili, ule wa transfoma na ule wa betri au adapta. Kilichopotea ni kurudi nyuma, maana hugeuzwa kwa kupewa volti 24 kwa kitambo, na adapta haifiki huko.

"Itakwenda mbele tu," Mjomba alisema.

Meku alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Kijana alifanya yaliyobaki. Alifuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, na katikati ya mataruma akasugua kile kijimstari cha vichwa vya chuma ambavyo treni ya Märklin huchukulia umeme kupitia ulimi ulio chini ya tumbo lake. Alifungua mota, akatoa mafuta yaliyoganda kama ulimbo, akasafisha brashi zake, akaweka tone moja la mafuta ya cherehani. Alijifunza kulehemu waya dirisha likiwa wazi, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu risasi iliyomo kwenye lehemu hufika tumboni kupitia vidole. Kwa sababu hiyo hiyo mabehewa hayakushushwa sakafuni kwa mtoto mdogo: rangi za midoli ya zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na mtoto wa umri ule hujua kitu kwa kukilamba.

Jumapili ya tatu treni ilishtuka, ikatoa harufu ya mafuta ya zamani, ikazunguka meza. Bibi aliyekuwa mlangoni alipiga vigelegele.

Zilibaki pointi. Ndani ya kila moja mna koili mbili za waya mwembamba kama unywele. Ukiipa umeme ya kwanza, inakuwa sumaku na kuvuta ulimi wa reli upande huu. Ukiipa ya pili, unakwenda upande ule. Vitufe vyake vya asili ni vidogo na viko mezani, mbali na kiti cha Meku. Mjomba alileta rimoti ya geti yenye vitufe vinne na kipokezi chake, chombo kilichobaki kutoka kwa mteja. Kitufe kikibonyezwa, rilei ndani ya kipokezi inafunga njia ya umeme na pointi inacheza. Meku angeweza kupanga njia akiwa ameketi kitini pake, kwa dole gumba la mkono wa kulia.

Kubonyeza aliweza. Kuachia ndiko kulikomshinda. Mkono uliopata kiharusi mara nyingi hukaza, na vidole huchelewa kutii amri ya kufunguka. Koili ya pointi imetengenezwa kupewa umeme kwa kitambo tu, kufumba na kufumbua. Jioni ya pili ilinuka kuungua. Waya wa koili ulikuwa umeyeyuka, na pointi moja kati ya mbili imekufa.

Meku aliweka rimoti mapajani, akatazama dirishani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo halikumsaidia. Mtu aliyepitisha treni za mizigo Kahe usiku wa mvua kwa taa ya mkononi alikuwa ameshindwa na reli ya mezani.

Kijana hakulala mapema usiku ule. Jumapili alimuuliza Mjomba kama kuna namna ya kuipa koili umeme kidogo tu, hata kama mtu atabonyeza hadi kesho. Ipo. Mjomba alimweleza kuhusu kapasita, kijikopo kinachohifadhi umeme. Hujazwa polepole kupitia kizuizi kinachobana mkondo, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha matone. Ukibonyeza, ndoo yote inamwagika mara moja na pointi inacheza. Ukiendelea kubonyeza, yanabaki matone tu, na matone hayachomi koili.

Kijana aliilehemu mwenyewe. Meku alibonyeza, wakahesabu hadi 20 kabla kidole hakijafunguka. Kijana alikuwa ameweka kidole chake juu ya koili. Ilikuwa baridi.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa ukubwa wa rimoti, ambayo ilimteleza Meku kama samaki. Kijana aliamua kuifungua, atoe nyaya kwenye vitufe vyake na kuziunganisha na vitufe vikubwa vya kengele ya mlangoni. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Jumamosi ile betri ilipopotea.

Saa mbili

Hospitalini, mama alieleza kwa sentensi moja: mtoto anaweza kuwa amemeza betri ya rimoti. Walipelekwa eksirei moja kwa moja.

Haraka hiyo ina sababu. Betri bapa ikikwama kwenye koo la chakula, mate hukamilisha njia ya umeme. Umeme huo mdogo, usioweza hata kumtekenya mtu mkononi, hutengeneza magadi makali pale betri inapogusa nyama, na magadi hayo huunguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Koo linaweza kutoboka, na hata mshipa mkubwa wa damu ulio karibu. Betri iliyochoka, isiyoweza tena kuwasha kitu, bado ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Ikiingia puani au sikioni nayo huunguza.

Tatizo ni kwamba wakati mwingine mtoto hana dalili yoyote mwanzoni. Wengine hudondosha mate mengi, hukohoa, hukataa kula, hutapika au hushika kifua, na mzazi hudhani ni mafua au meno. Kwa hiyo kanuni ni moja: ukishuku, nenda. Usisubiri dalili, usimtapishe, na usimlishe ugali au ndizi ili "isukumwe".

Kinachoruhusiwa ni asali, na kwa masharti. Kama mtoto amevuka mwaka mmoja, anameza vizuri, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, wataalamu wa sumu hushauri apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua, lakini haitoi betri. Usipoteze hata dakika moja kuitafuta kwa jirani. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Picha ilipotoka, daktari aliitazama, akaitazama tena, kisha akamwonyesha mama. Kuanzia koo hadi tumbo hapakuwa na kitu. Mama alimwomba msamaha kwa kumsumbua bure. Daktari alimwambia hakumsumbua, na kwamba siku nyingine akiwa na shaka kama ile afanye vilevile.

Alirudi mlimani saa mbili usiku. Mwanawe alikuwa amekaa ngazini mbele ya nyumba, betri ikiwa kiganjani.

Ilikuwa ndani ya buti la mvua la Bibi, mlangoni. Watoto wa umri ule hupenda kutumbukiza vitu kwenye vitu. Mdogo wake aliiokota mkekani, akatembea nayo hadi mlangoni, akaidondosha ndani ya buti, akarudi kwenye kochi. Meku alimwona tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akilionyesha buti. Pikapu ilipoondoka aliendelea kulionyesha, hadi mjukuu akaacha kulia, akafuata kidole, akaligeuza juu chini. Alipompigia mama yake, simu iliita jikoni.

"Samahani, Mama," kijana alisema.

"Samahani umwambie Babu," mama alijibu. "Na mimi nitamwambia. Alisema, hatukumsikia."

Aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mkwewe.

"Shikamoo, Baba. Tusamehe."

Meku alimwekea mkono wa kushoto kichwani.

Nani ashike nini

Wiki mbili treni ilifunikwa kwa kitambaa. Mama hakumpiga mwanawe wala kumkaripia, ila alikataa mazungumzo. Wengi wangeishia hapo, na hakuna ambaye angewashangaa. Lakini katika wiki hizo mbili aliona mambo mawili. Mwanawe alirudi kukaa na simu ya Bibi hadi inazima. Na Meku, aliyekuwa ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kulia, aliuacha tena mkono huo ulale mapajani.

Baba wa watoto, anayefanya kazi Arusha, aliporudi mwisho wa wiki, mama aliwaita wote mezani, pamoja na Mjomba. Hakuuliza kama treni iendelee au isiendelee. Aliuliza nani ashike nini.

Waliyokubaliana yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja, na mzazi yeyote anaweza kuyachukua, hata kama nyumbani kwake hakuna treni.

Umeme wa ukutani ni wa watu wazima peke yao, na plagi huchomolewa kazi ikiisha. Kulehemu hufanywa mezani, mtoto mdogo akiwa chumba kingine na mtu aliyekabidhiwa kwa jina, si "mtu yeyote aliyepo". Kazi ikisimama hata kwa dakika moja, vitu vidogo huingia kwenye kopo lenye kifuniko kabla fundi hajanyanyuka. Betri bapa hazikai tena kwenye midoli na vifaa vinavyofikiwa na mtoto, ila kama kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu. Za akiba zinakaa juu ya kabati. Zilizochoka huzungushiwa gundi ya karatasi pande zote mbili na kuondolewa mahali watoto wanapofika, wala hazitupwi kihambani kwenye migomba.

Baada ya hapo walizunguka nyumba nzima na kuhesabu. Walikuta betri bapa sita wasizozijua: kwenye mizani, kipimajoto, taa ya Krismasi, kadi ya kuimba ya siku ya kuzaliwa, kidoli na rimoti ya redio ya gari la baba. Kidoli na kadi havikuwa na skrubu, vikaondoka siku hiyo hiyo.

Kwenye rimoti ya Meku suluhisho lilikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Betri bapa ile ilikuwa ya volti 3. Betri mbili za saa ya ukutani, zile ndefu zenye umbo la penseli, ukizifuatanisha nazo hutoa volti 3. Kijana alizilaza kwenye kisanduku cha mbao ukubwa wa kitabu cha nyimbo, akafunga kifuniko kwa skrubu nne, na juu yake akapachika vitufe vya kengele ya mlangoni, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha soda. Kisanduku hicho hakitelezi. Kinakaa mapajani mwa Meku kama kilichozaliwa hapo.

Kitufe cha kwanza na cha pili ni vya pointi iliyobaki. Cha tatu huwasha na kuzima treni. Cha nne kilikuwa hakina kazi, na kijana alitaka kukifanya honi. Mama akamwomba kitu kingine. Sasa kitufe cha nne kinapiga kengele iliyopachikwa jikoni.

Hakuna muujiza uliotokea Old Moshi. Meku bado anatembea kwa mkongojo, na maneno bado yanamkwama. Lakini kila jioni baada ya chai treni huzunguka, na kila jioni dole gumba lile hubonyeza mara 40, mara 50. Mjukuu huhesabu hadi kidole kifunguke. Mwanzoni ilikuwa hadi 20. Siku hizi mara nyingi hawafiki tano. Kabla ya kubonyeza, Meku huinama kuutazama ulimi wa pointi kama umekaa, na kijana ambaye zamani alikuwa akibonyeza ovyo naye ameanza kuinama. Halafu mzee hutamka neno moja ambalo halijawahi kumkwama: "Kahe."

Jioni moja ya Alhamisi mama alikuwa jikoni akikoroga mtori, kengele ikalia. Alidhani ni mchezo, akaendelea kukoroga. Ikalia tena, mara tatu mfululizo.

Aliacha mwiko, akaenda sebuleni. Treni ilikuwa imesimama. Kijana alikuwa nje akichota maji. Meku alikuwa amenyoosha kidole, safari hii cha mkono wa kulia, kikitetemeka, kuelekea kabatini. Mama hakuuliza. Alikifuata kidole hadi mwisho, na nyuma ya kochi akamkuta binti yake amesimama kwa vidole vya miguu, mkono mmoja ukiwa umeshika ncha ya kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa hicho kuna chupa ya chai ya moto iliyokuwa imeshaanza kusogea.